Katiba yetu kwenye Word, someni kabla hamjanitumia tena

Wapendwa habari za jioni, vipande vyote vya katiba nimevipata asanteni sana, ila jana nimekesha navyo maana kila mtu kabandika kwa staili yake na mi nataka tuchapishe kitu cha heshima.

Lile la maneno kuachana mbalimbali kwenye mstari mmeniuliza wengi. Inatokea ukishapanga maandishi yanyooke pande zote mbili halafu ukakata mstari kwa Shift na Enter, Word inaona aya bado haijaisha kwa hiyo inauvuta ule mstari mpaka ukingoni. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja utaona alama zilizojificha, penye kimshale kilichopinda kifute uweke Enter ya kawaida, maneno yanarudi yenyewe.

Mliokopi kutoka WhatsApp, chagua yote kwa Ctrl na A halafu Ctrl na spesi, fonti na rangi za ajabu zinaondoka, nafasi za aya zikigoma weka Ctrl na Q. Angalizo, bold nazo zinafutika, so safisha kwanza ndo upambe vichwa.

Na jamani msisukume ukurasa kwa Enter kumi kumi, mtu akiongeza sentensi moja juu kila kitu kinahama! Ctrl na Enter mara moja inatosha.

Mama mweka hazina sehemu yako ya faini iko safi kabisa, usiiguse. Wengine nirudishieni kesho kabla ya saa mbili usiku, aliyekwama anipigie nimuelekeze.