Wifi, kabla hujawawekea watoto The Sound of Music

Wifi yangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia mtaitazama na watoto. Ila kwanza shika rimoti, ukague umbo la picha.

Filamu hii ya 1965 ilitengenezewa kioo kipana cha sinema: upana wake ni mara 2.2 ya kimo, na runinga za sasa ni mara 1.78 tu. Ndiyo maana utaona weusi juu na chini. Wengi hudhani ni kasoro, wanaikuza picha ijae kioo, na hapo karibu moja ya tano ya upana inapotea. Kapteni von Trapp, baba wa familia, akipuliza filimbi na watoto wake saba wakajipanga, wa pembeni ndio wanaoliwa. Milima nayo inabaki vipande. Uache weusi ulivyo.

Mwanzoni utasikia upepo tu juu ya vilele vya theluji, kisha ndege. Usiongeze sauti ukidhani spika zimekufa, maana Julie Andrews, anayeigiza Maria, mlezi wa watoto hao, akishatokea kwenye majani, orkestra inapasuka. Mtazame anavyozunguka pale! Kamera ilikuwa kwenye helikopta, na upepo wake ulikuwa ukimbwaga chini ilipompita.

Ni dakika 174, kwa hiyo msiimalize kwa pumzi moja. Mapumziko yake ni pale Maria anapotoroka nyumbani kwa Kapteni usiku. Simamisha hapo hata kama nakala yenu haina bango la mapumziko. Sehemu ya pili ni fupi lakini nzito. Ni 1938, Ujerumani imeimeza Austria, na makaburini mwa watawa kuna kijana mwenye bastola. Mdogo wenu aelezwe mapema, asishtukie gizani.

Halafu kuna ule mwisho, familia inavuka milima kwa miguu kwenda Uswisi. Ni mzuri sana, lakini haukutokea. Salzburg, mji wanakoishi, iko mpakani na Ujerumani. Uswisi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, na kuivuka milima ya karibu kungewatua mikononi mwa haohao waliowakimbia. Familia halisi ya von Trapp ilipanda treni kwenda Italia. Waambie watoto kwaya ikishanyamaza, si kabla. Wakiuliza kwa nini Italia, Kapteni alizaliwa Zara, mji uliokwenda kwa Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na uraia wa Italia akaupata kwa njia hiyo.

Wasalimie wote.
Wifi yako