Tazameni kitenzi: barua ya wazi kwa wanangu mnaokwenda kwenye mazungumzo ya maafa

Wanangu,

Ama baada ya salamu, nimesikia kwamba baadhi yenu mmeanza kuteuliwa kwenye ujumbe wa nchi zenu katika mikutano ya kimataifa ya kupunguza hatari za maafa, na wengine mtakwenda kwa niaba ya asasi za kiraia. Hongereni. Kazi yangu mimi ilikuwa kufasiri makaratasi ya mikutano ya namna hiyo. Mfasiri akikesha na karatasi huona mengi ambayo msomaji wa haraka hayaoni, na katika hayo nina moja la kuwapa: mkipewa rasimu msitafute neno "wanawake". Tafuteni kitenzi kilichokaa karibu yake.

Neno lenyewe halina shida tena. Mkakati wa Yokohama wa mwaka 1994, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza maafa, uliwataja wanawake kwa kuwaweka fungu moja na makundi mengine yaliyo duni katika jamii, basi. Mpango wa Hyogo uliofuata, uliopitishwa Kobe, Japani, Januari 2005, wiki chache tu baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, ukapanda ngazi: mtazamo wa kijinsia uingizwe katika sera, mipango na maamuzi yote, tathmini ya hatari na tahadhari ya mapema zikiwemo. Kisha Machi 2015 ukaja Mfumo wa Sendai, makubaliano yaliyochukua nafasi ya Hyogo, na humo wanawake wanatajwa mara kadhaa.

Lakini someni wanavyotajwa. Washirikishwe. Wawezeshwe. Wajengewe uwezo. Walindwe. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati, maana sarufi yetu inaanika siri hiyo hadharani: kila kitenzi kinaishia kwa -we. Nani atawashirikisha? Kwa fedha ya fungu gani? Kufikia lini? Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na mtenda aliyefichwa hadaiwi.

Chukueni aya ya 36 ya Mfumo wa Sendai, ile inayonukuliwa sana. Inasema ushiriki wa wanawake ni jambo la lazima katika kusimamia hatari za maafa, na katika kubuni sera, kuzitengea rasilimali na kuzitekeleza. Vizuri sana. Sentensi hiyohiyo, kabla haijafika kituo, inaongeza kwamba wanawake wanahitaji kujengewa uwezo. Tena imewekwa kwenye sehemu ya wajibu wa wadau. Haimo katika malengo saba ya dunia, yale ambayo nchi hupimwa kwayo. Hayo saba nimeyasoma mara nyingi: vifo, walioathirika, hasara ya uchumi, miundombinu, mikakati, ushirikiano wa kimataifa, tahadhari ya mapema. Mwanamke hayumo hata katika moja. Nisiwadhulumu walioandika, kipaumbele cha nne cha Mfumo huo kinasema kuwawezesha wanawake waongoze hadharani kazi ya kukabili maafa na kujenga upya ni ufunguo. Ila ufunguo usio na tarehe wala bajeti, sijui unafungua mlango gani.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na msiwaachie wataalamu wa takwimu peke yao. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulikubali viashiria 38 vya kupima utekelezaji wa Sendai. Nchi inaweza kuripoti idadi ya waliokufa bila kusema wangapi ni wanawake na wangapi ni wanaume, na ripoti ikapokelewa. Sasa fikirini Aceh, Indonesia. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, shirika la misaada la Oxfam lilihesabu watu katika vijiji vinne vya wilaya ya Aceh Besar: walionusurika walikuwa 676, na wa kike kati yao 189 tu. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wanawake wengi walikuwa nyumbani na watoto, wanaume wengi wakiwa baharini wanavua au kwenye shughuli za mbali na ufuo. Wavulana walifundishwa kuogelea na kupanda miti, wasichana hawakufundishwa. Kama hakuna aliyehesabu vile, tungebaki na jumla moja kubwa ya marehemu, na sababu hizo zote zingezikwa pamoja nao.

Mtakutana na mtu, aghalabu muungwana, atakayewaambia kwamba wanawake ni dhaifu kwa maumbile. Mwambieni asome kazi ya watafiti Eric Neumayer na Thomas Plümper ya mwaka 2007. Walichunguza nchi 141 katika miaka ya 1981 hadi 2002, wakaona maafa hufupisha umri wa kuishi wa wanawake kuliko wa wanaume, na kwamba pengo hilo hupungua kadiri hali ya wanawake kijamii na kiuchumi inavyokuwa bora.

Bangladesh inatosha kuwa somo. Kimbunga cha 1991 kiliua watu wapatao 140,000, wengi wao wanawake. Onyo lilipita kwa wanaume, sokoni na barabarani. Mke akabaki akingoja mume arudi atoe ruhusa. Na makimbilio hayakuwa na sehemu ya wanawake kujisitiri. Leo mpango wao wa kujiandaa na vimbunga una watu wa kujitolea zaidi ya 70,000, na karibu nusu ni wanawake. Hodi ikipigwa na mwanamke, mlango unafunguliwa.

Na kuna La Masica, Honduras, hadithi ninayoipenda kwa ajili ya vitenzi vyake. Miezi kadhaa kabla ya kimbunga Mitch cha 1998, wakazi walipewa mafunzo ya tahadhari, wanaume kwa wanawake. Wanaume wakaiacha kazi ya kufuatilia hali ya hatari, wanawake wakaishika. Mitch ilipofika watu walihamishwa mapema, na manispaa hiyo haikuripoti kifo hata kimoja. Wakaishika, wanangu. Si "wakashirikishwa".

Neno la upesi kuhusu sheria. Sendai ni hiari. Mpango kazi wa jinsia wa Sendai uliozinduliwa Machi 2024, wenye malengo 9 na hatua 33, nao ni mapendekezo. Lakini Mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake unazifunga nchi zilizouridhia, na kamati yake ilitoa Pendekezo la Jumla namba 37 mwaka 2018 kuhusu maafa na mabadiliko ya tabianchi. Nchi huripoti mbele ya kamati hiyo. Pelekeni maswali yenu huko pia.

Wavulana mliomo, msikae kimya mkingoja dada zenu waseme. Na nyote, mkialikwa kwenye kikao cha pembeni cha wanawake, chenye maua mezani, ulizeni kwanza rasimu inajadiliwa chumba gani saa hiyo. Mkutano mmoja tulipiga makofi kikaoni hadi jioni. Tuliporudi, aya yetu ilikuwa imefutwa.

Sendai inaisha 2030, na mazungumzo ya kitakachofuata ndiyo mtakayoyakuta. Rasimu ya kwanza ikitoka nitumieni. Macho yamepungua nguvu, lakini -we bado naiona.

Mama yenu,
mfasiri mstaafu