Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Upandaji Miti Mtaani

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Aprili, masika yamekolea, tulipanda miche 240 ya miarobaini, mikungu na mizambarau michache, kuanzia kijiwe cha bodaboda hadi nyuma ya soko hapa Mwananyamala. Usafi wa Jumamosi uliendelea. Serikali ya mtaa ilitupa ushirikiano. Miche 151 iko hai, na wanaosema yote imekufa wapite wahesabu kama nilivyohesabu mimi.

Niingie kwenye jambo lililosemwa sana vibarazani na kwenye grupu la WhatsApp kuliko kikaoni: fedha za fulana. Ni kweli, Sh. 400,000 mlizopitisha kwa ajili ya fulana za chama zilinunua maji ya boza na kumlipa kijana wa kumwagilia, Juni hadi Septemba. Ni kweli pia kwamba iliamua kamati, si mkutano mkuu. Lakini mkutano uliitishwa mara mbili, akidi haikutimia, na mche hausubiri akidi. Mizizi ya mche wa miezi miwili bado iko juu juu. Mvua ikikatika na bomba likitoa hewa tupu, unakauka mnauona. Fulana tungevaa kumzika nani? Gharama ilizidi kwa Sh. 20,000, nikatoa mfukoni mwangu. Risiti ninayo, na sijadai.

Wapo waliosema chupa zingetosha. Tulizijaribu: chupa za lita moja na nusu, kizibo kimetobolewa kwa sindano, zikachomekwa kichwa chini kando ya shina. Zilidondosha maji vizuri mpaka waokota makopo walipozipitia.

Tusisahau tunapanda kwa nini. Februari ya hapa mnaijua: mabati na zege vinakula jua mchana kutwa, usiku vinaturudishia joto lile lile, feni inapuliza moto. Kivuli huzuia jua lisifike ukutani, na majani yanapotoa mvuke, hewa hupoa. Ndiyo maana nilikataa miti ya ashoki. Inapendeza getini, sibishi, lakini imesimama kama nguzo ya umeme na kivuli chake hakimtoshi hata mama lishe mmoja. Mkungu hutandaza matawi kwa ngazi. Majani yake huziba mitaro, naam, ila mtaro huzibuliwa.

Kuhusu ada, inasikitisha. Wanachama ni 92, waliomaliza Sh. 24,000 za mwaka ni 37. Jumla tulikusanya Sh. 1,100,000. Miche ilichukua 360,000, mashimo na samadi 180,000, vizimba vya kukinga miche 110,000, maji 400,000, imebaki 50,000. Na wanaoulizia fulana kwa sauti kubwa, wengi wao mweka hazina hajawaona tangu Machi. Siku ya kupanda palikuwa na pilau, tulijaa. Siku za kumwagilia, kijana asipofika, tulibaki mimi, katibu na mama mmoja ambaye hata si mwanachama.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza miche, kuwaona TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ikiwezekana, na kuomba wanaokata matawi chini ya nyaya za umeme watujulishe mapema. Fulana zitategemea ada. Mweka hazina yuko mezani pale mlangoni na kitabu cha risiti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti