Barua kwa mwanangu: iegeshe kwanza

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, na presha ya mama yako imetulia tangu abadilishiwe dawa. Ninachokuandikia ni hii skuta. Habari yake nimeipata kwa mdogo wako, amekuja na picha hadi gerejini, mafundi wenzangu wakaiona pamoja nami. Ningependa niisikie kwako kwanza. Hilo nimeshalisema, tusilirudie.

Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Mtoto wa nyumba hii kununua chombo cha moto kwa mshahara wake mwenyewe! Siku ile hakuna aliyeleta pikipiki yake kutengenezwa akaondoka bila kuambiwa. Lakini mdogo wako anasema umeshaanza kwenda nayo kazini na leseni huna, eti kutoka Ipuli hadi hospitali ya Kitete, hapo hapo Tabora, ni karibu. Mwanangu, iegeshe. Ikae ndani mpaka leseni itoke.

Wewe ni muuguzi. Wanaoletwa na miguu iliyovunjika unawapokea wewe, na ukiwauliza walikuwa wanakwenda wapi watakwambia sokoni, shule, kwa jirani. Anayekwenda karibu ndiye anayeacha helmeti nyumbani, ndiye anayevaa ndala, ndiye asiyetazama nyuma kabla ya kukata kona. Sikuandikii haya kukutisha. Unayajua kuliko mimi, ndiyo maana nashangaa.

Na leseni yenyewe haina ugumu. TIN, namba ya mlipakodi, unayo. Unaomba leseni ya kujifunzia kwa mamlaka ya mapato, TRA, unakwenda chuo cha udereva, unafunga kibao cha L, unafanya mazoezi bila kubeba mtu, trafiki wanakutahini, ukifaulu unalipia leseni, nayo inadumu miaka 5. Kwenye picha nimeona imeandikwa 110, basi daraja lako ni A1, la pikipiki zisizozidi cc 125. A3 ni la vile vidogo vya cc 50, wasije wakakuandikia hilo. Atakuja mtu kukwambia umpe hela akuletee leseni mezani kwako, usihangaike na mtihani. Mkatalie. Ukimgonga mtoto wa watu na leseni ya namna hiyo, au bila leseni kabisa, kampuni ya bima ina sababu ya kukukana, na deni linabaki shingoni mwako.

Mdogo wako kasema unajua baiskeli, kwa hiyo skuta si kitu. Baiskeli alikufundisha mjomba wako, mimi nilikuwa gerejini mchana na usiku miaka ile. Hii nataka nikufundishe mwenyewe, ingawa kwa barua.

Skuta haina klachi wala gia. Ukivuta mafuta inaondoka, na hapo ndipo wanaoanza wanapopatikana: mtu anashtuka, anakaza mkono badala ya kuulegeza, skuta inamrukia mbele. Ukiwa umesimama, vidole vikae kwenye breki. Breki zote mbili ziko mikononi. Kwenye lami kavu zibane pamoja, pole pole, usiikabe ya mbele peke yake. Kwenye mchanga wa mitaa ya huko Tabora ya mbele iache kabisa. Punguza mwendo kabla hujauingia, na usikate kona ukiwa ndani yake. Tairi zako ni ndogo, za inchi 10 au 12, wakati pikipiki ninazotengeneza hapa ni 17 au 18. Shimo ambalo bodaboda anapita bila kulihisi, wewe linakumeza.

Halafu miembe. Mvua za kwanza zikianza na maembe yakaiva, yanaanguka barabarani, yanapondwa na magari, na lami inateleza. Ukiona maganda ya njano mbele yako, mafuta yaachie mapema, pita wima, usiguse breki juu yake.

Helmeti isiwe ile ya kuazima yenye mkanda uliokatika. Ivae, fumba mdomo, vuta mkanda mpaka kidole kimoja tu kipite chini ya kidevu. Kisha ishike kwa nyuma uisukume mbele. Ikitoka, si yako, rudisha dukani.

Mdogo wako anasema umeinunua kwa mtu. Kadi ina jina la nani? Namba ya chesisi na ya injini zilingane na za kwenye kadi, umiliki uhamishwe TRA, na trafiki wakuangalizie kama namba hiyo ina faini za mwenye nayo wa zamani. Haya yote ningekwambia kabla hujatoa hela.

Zamu ya usiku usiiendee na skuta mwaka huu, hata leseni ikitoka. Mpigie bodaboda unayemwamini, nauli nitakuchangia.

Bati la jikoni limetoboka tena upande wa banda la kuku, nasubiri mvua zikatike nilibadilishe. Shangazi yako anauliza kama asali ya huko imeshuka bei, anataka lita tano. Mama yako amekufungia mawese na dagaa, dumu nimelikabidhi kwa kondakta wa basi la Alhamisi na nauli yake nimelipa, usilipe tena. Nenda stendi kulichukua kwa miguu, au kwa bajaji.

Baba yako