Risala ya vijana watengenezaji filamu wa Nyalenda, Kisumu, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, wazee wa mtaa, akina mama wachuuzi wa ufuo wa Dunga, wazazi na vijana wenzetu, hamjambo.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe mgeni wetu kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Karibu Nyalenda. Sisi ni vijana 14. Tunatengeneza filamu fupi na makala za video kuhusu mambo yanayotuumiza hapa mtaani. Tulianza miaka mitatu iliyopita tukiwa na simu mbili, moja kioo chake kimepasuka, na hatukuwa na maikrofoni.

Mheshimiwa, leo utatazama filamu yetu ya dakika 11 kuhusu jaboya. Aliyekulia kando ya ziwa hili hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Kwa wageni wetu: ni pale mama mchuuzi anapolazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Samaki wamepungua, wanunuzi ni wengi, na mwenye boti ndiye mwenye kauli. Virusi vya Ukimwi vimepitia mlango huo vikaingia katika nyumba tunazozijua kwa majina. Jambo hili limesemwa barazani na kanisani miaka nenda miaka rudi. Likitajwa, watu huinamisha macho, kikao hufungwa kwa maombi, kila mtu akaenda kwake. Tuligundua kwamba mtu akimwona mwingine kwenye skrini, anapata nafasi ya kusema, “Huyo mama alifanya nini baadaye?” Anaulizia maisha yake mwenyewe bila kujitaja.

Lakini kuna kosa ambalo ni lazima tulikiri mbele yako. Katika filamu yetu ya kwanza, mama mmoja alitusimulia yote uso wake ukiwa wazi. Alikuwa amekubali, nasi tukadhani hilo latosha. Baada ya siku mbili kipande kile kilikuwa kimezunguka WhatsApp, naye akaitwa sokoni jina ambalo hatuwezi kulirudia hapa. Wiki mbili hakufungua kibanda. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitusikiliza huku akiparua magamba ya samaki aina ya ngege, kisha akauliza, “Mbona hamkunionyesha mimi kwanza?”

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile, mwenye kisa ndiye mtazamaji wa kwanza. Akisema neno hili litoke, linatoka, hata kama ndilo tulilolipenda kuliko yote. Kwa hiyo katika filamu ya leo hutaona uso. Utaona mikono: kisu, karai la mafuta, noti zilizofungwa kwenye pembe ya leso. Sauti tuliirekodi chumbani, tumetundika blanketi dirishani, kwa sababu upepo wa ziwa humeza maneno. Mama anazungumza Kijaluo. Hapo awali tuliweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, nyanya zetu wakasema yanapita kabla hawajayasoma. Basi ufuoni tunaiacha ilivyo, na kwingine tunaweka sauti ya Kiswahili.

Tuliionyesha mara ya kwanza jioni, kwenye shuka jeupe lililofungwa katikati ya boti mbili. Filamu ilikwisha upesi. Mazungumzo yakaenda hadi saa nne usiku. Kijana mmoja mvuvi aliuliza kwa nini samaki wasiuzwe kwa foleni ya namba, aliyefika kwanza ahudumiwe kwanza. Kamati ya ufuo ikalichukua wazo hilo katika kikao chake. Akina mama wakakumbusha habari ya wenzao wa ufuo wa Nduru, waliopata boti zao wenyewe ili wasimtegemee mvuvi, kabla mafuriko ya 2020 hayajawahamisha. Usiku ule tuliona kwamba kazi yetu halisi huanza skrini ikizimwa.

Changamoto hatukosi. Projekta tunaazima, na mara mbili tumewarudisha watu nyumbani kwa kuikosa. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka kibali cha kupigia picha. Hatupingani nayo, ila hatua zake ni ngumu kwa kijana asiye na ofisi wala wakala. Tunaomba utusaidie kupata projekta na spika moja, na utuunganishe na mtu wa kutushika mkono katika suala la kibali.

Ombi la mwisho halihitaji pesa. Wageni wetu wengi huondoka filamu inapomalizika. Tunakuomba ubaki. Mama mwenye sauti utakayoisikia yumo humu ukumbini. Hatutamtaja, naye akitaka kuongea ataongea. Kiti chako tumekiweka katikati ya akina mama, si jukwaani, ili uyasikie watakayosema.

Asante sana. Tunaomba madirisha yafungwe, tuanze.

Ni sisi vijana wako wa Nyalenda.