Kwa wanangu wa ofisi ya rasilimali watu: acheni kumhamisha mlalamikaji

Wanangu,

Wengi wenu mmepita mikononi mwangu. Wapo niliowafundisha kuandika barua ya ajira, wapo niliowasahihishia taarifa yao ya kwanza ya kikao cha nidhamu, na wapo ambao hatujawahi kuonana ila mnakalia kiti nilichokikalia kwa zaidi ya miaka 30, tangu ofisi yenu ikiitwa ofisi ya utumishi. Nimestaafu, lakini kazi hii haijanitoka moyoni. Nawaandikia nikiwa nimeudhika, na sitalificha hilo.

Majuma machache yaliyopita mmoja wenu alikuja kunijulia hali. Nilifurahi sana kumwona. Amepanda cheo, sasa anasimamia malalamiko ya wafanyakazi katika kampuni yenye maelfu ya watu. Katika mazungumzo akanisimulia kwa fahari jinsi alivyolimaliza lalamiko gumu kwa siku 9. Binti mmoja wa kitengo cha hesabu alikuwa ameandika kwamba meneja wake humtukana mbele ya wenzake, humpigia simu usiku wa manane, humwacha nje ya vikao kisha humkaripia kwa kutojua yaliyoamuliwa. Nikauliza, ikawaje? "Tulimhamisha, mzee," akanijibu. "Yule meneja anaingiza fedha nyingi, na binti naye amepata mazingira mapya. Lalamiko limefungwa." Nikamuuliza ni nani amekalia kiti cha yule binti. Akasema ni kijana mwingine, ametoka chuo juzi tu.

Usiku ule sikupata usingizi. Jambo hilohilo nililifanya mimi mwenyewe, si mara moja.

Katika kampuni moja niliyoitumikia palikuwa na mkuu wa idara aliyesifika kwa kufikia malengo kila robo mwaka. Katika muda wa miaka 4 walikuja ofisini kwangu watu watatu kumlalamikia. Wa kwanza nilimhamishia tawi jingine, na akanishukuru. Wa pili nilimpa likizo, akarudi, akakaa mwezi mmoja, akaacha kazi. Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye watoto; alikaa mbele yangu akashindwa kusema, akawa anakunjakunja karatasi aliyokuja nayo. Siku hiyo ndipo nilipokwenda masijala kuchukua jalada la yule mkuu wa idara. Lilikuwa jeupe. Barua za pongezi, nyongeza za mshahara, picha ya tuzo. Hapakuwa na hata mstari mmoja kuhusu wale wawili wa mwanzo. Barua zao zilikuwa zimewekwa katika majalada yao wenyewe, na majalada hayo yaliondoka pamoja nao. Nilikuwa nimelisafisha jina la mtu yule kwa mikono yangu, na kila mara nilipomwita kumwonya nilimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa kuwa hili ni kosa la kwanza tutalimaliza kwa mazungumzo.

Kosa la kwanza! Hebu zingatieni maneno hayo, maana yanatamkwa katika makampuni makubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2017 mhandisi Susan Fowler, aliyekuwa ameacha kazi Uber, aliandika hadharani yaliyompata. Meneja wake alimtaka kimapenzi kwa ujumbe wa maandishi siku za mwanzo tu za kuwa chini yake. Akaupeleka ujumbe huo ofisi ya rasilimali watu. Akajibiwa kwamba meneja ni mchapakazi hodari na kwamba ni kosa lake la kwanza. Yeye ndiye akaambiwa achague: ahamie timu nyingine, au abaki pale na akubali kwamba meneja huyo anaweza kumpa tathmini mbaya. Baadaye akakutana na wanawake wengine wa kampuni ileile waliokuwa wamemripoti mtu yuleyule kabla yake. Nao waliambiwa ni kosa la kwanza. Baada ya maandishi yale kampuni iliagiza uchunguzi, wafanyakazi zaidi ya 20 wakafukuzwa, na mwezi Juni mwaka huohuo mkurugenzi mkuu, Travis Kalanick, akajiuzulu. Maofisa waliomjibu mama yule hawakukosa elimu ya utumishi, wala kampuni haikukosa kanuni. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka barua zote mezani pamoja na kuzisoma kwa mfululizo.

Kwa hiyo nawasihi, na hili ndilo kubwa lililonifanya nishike kalamu: lalamiko lifuate jina la anayelalamikiwa. Likija jipya, fungueni ya zamani yote kabla hamjamwita mtu yeyote. Tazameni ni wangapi wameacha kazi chini yake, wangapi wameomba uhamisho, wangapi wameugua. Msiseme ushahidi hautoshi wakati mmeutawanya wenyewe katika makabati 6.

Na uhamisho! Mnauita suluhisho. Mtu anakuja kusema nyumba inavuja, nanyi mnamtoa yeye nje mkamwingiza mwingine kulala palepale. Aliyehamishwa anaanza upya bila marafiki, bila mradi alioujenga kwa miaka, na wenzake wapya wananong'ona kwamba ni mtu wa matatizo. Aliyebaki anajifunza kwamba akimwonea mtu anapewa mtu mwingine. Na idara nzima inajifunza kunyamaza, maana wote wameona aliyesema ndiye aliyeondoka. Ikiwa lazima watu wawili watenganishwe uchunguzi ukiendelea, mwondoeni kwa muda mwenye mamlaka, kwa mshahara wake na kwa heshima yake. Kama mlalamikaji mwenyewe ameomba kuhama, msaidieni ahame bila kupoteza cheo wala nyongeza, lakini uchunguzi usihame naye.

Mnajua uhamisho unaweza kufika wapi? Nchini Ufaransa kampuni ya simu ya France Télécom, ambayo leo inaitwa Orange, iliamua mwaka 2006 kupunguza watu 22,000 katika miaka 3. Wengi wao walikuwa na hadhi ya watumishi wa umma, hawakuweza kuachishwa kazi hivihivi. Mkurugenzi mkuu, Didier Lombard, aliwaambia viongozi wenzake kwamba atawaondoa kwa njia moja au nyingine, kupitia dirishani au mlangoni. Basi watu wakahamishwahamishwa vituo na kazi, fundi akapelekwa kuuza huduma kwa simu, mpaka wengine wakachoka kuishi. Tarehe 20 Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni pamoja na viongozi wake wa zamani kwa unyanyasaji wa kisaikolojia. Mahakama ilichambua habari za wafanyakazi 39. Kati yao 19 walijiua na 12 walijaribu kujiua. Januari 2025 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba sera ya kampuni yenyewe inaweza kuwa unyanyasaji. Hebu fikirini ni karatasi ngapi za uhamisho zilizopita katika ofisi kama zenu, zikapigwa mhuri, zikafungwa.

Najua mtakavyojitetea, maana nami nilijitetea hivyo. Mtasema meneja huyo analeta mapato. Ni kweli anayaleta, na yanaonekana kwa sababu yameandikwa mstari mmoja wenye jina lake. Anachokipoteza kimetawanywa: walioacha kazi wameandikwa "sababu binafsi", likizo za ugonjwa zimeingia bajeti ya matibabu, gharama za kuajiri na kufundisha wapya ziko kwenu, na ile hekima iliyoondoka na mfanyakazi wa miaka 12 haiandikwi popote. Vijumlisheni vyote chini ya jina la meneja mmoja, kwa mwaka mmoja tu, kisha mpelekeeni mkurugenzi wa fedha. Mimi nililifanya hilo nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu, na ni mara ya kwanza kuona mkurugenzi wa fedha akiuliza habari za matusi kazini.

Mtasema pia kwamba kuna utaratibu, lalamiko limepelekwa kwa msimamizi wa meneja huyo. Msimamizi aliyemwajiri, aliyempandisha cheo, anayepata bonasi kutokana na namba zake! Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Na nimeona mabaya zaidi: barua ya mlalamikaji, yenye jina lake na kila alichokisema, ikitumwa nzima kwa barua pepe kwa mlalamikiwa "kwa ajili ya maoni". Aliyefanya hivyo hajui woga wa mtu anayefungua kompyuta asubuhi na kukuta bosi wake ameyasoma yote.

Mengine nayataja kwa kifupi. Msiahidi siri msiyoweza kuitunza. Mwelezeni mlalamikaji tangu mwanzo ni nani watakaoisoma barua yake. Mpeni tarehe ya majibu, na ikifika mjibuni hata kama uchunguzi haujaisha. Barua pepe na ujumbe wa simu vihifadhiwe siku ileile. Mashahidi wahojiwe mmoja mmoja, mbali na macho ya idara. Simu ya siri ya kupokelea malalamiko isigeuzwe mtego wa kumsaka aliyepiga. Meneja naye aandikiwe tuhuma zake na apewe muda wa kujibu, maana wapo wanaosingiziwa, na si kila kuambiwa kazi haikufikia kiwango ni kunyanyaswa. Mahojiano ya mtu anayeacha kazi yafanywe na mtu asiyemwogopa, na yasomwe. Baada ya miezi 3, kisha 6, kisha 12, angalieni tathmini ya mlalamikaji na nyongeza yake. Kisasi cha ofisini huja polepole.

Someni pia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, ulioanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Unasema wazi kwamba ukatili na unyanyasaji unaweza kuwa tukio moja au yanayojirudia, kwa hiyo hiyo hoja yenu ya kosa la kwanza haina pa kusimama. Unawalinda hata wanagenzi, wanaojitolea, wanaotafuta kazi na walioachishwa. Unagusa safari za kikazi na mawasiliano ya kwenye simu. Unataka walalamikaji na mashahidi walindwe wasilipiziwe kisasi. Hata kama nchi yenu haijauridhia, hakuna sheria inayowakataza kuyaweka hayo katika kanuni za kampuni.

Lakini nisiwatwike ninyi peke yenu mzigo huu. Sisi wazazi na walimu tuna sehemu yetu. Tumewalea watoto kwa "mvumilivu hula mbivu", tukasahau kuwafundisha kutofautisha kuvumilia kazi ngumu na kuvumilia kudhalilishwa. Kijana akipiga simu nyumbani akilia, tunamwambia ashukuru ana ajira. Tumemwita mkali "kiongozi" na mpole "dhaifu", kisha tunashangaa wanaopanda ngazi ni wale wanaopiga kelele. Makampuni nayo humpa mtu watu 40 wa kuwaongoza kwa sababu tu aliuza sana au aliandika programu nzuri, bila siku moja ya kumpima kama anajua kukaa na binadamu.

Najua pia kwamba ninyi wenyewe mnaogopa. Ofisi yenu inalipwa na kampuni, na wakati mwingine mtu mnayepaswa kumchunguza ndiye anayesaini bajeti yenu. Nimewahi kukaa na barua mkononi nikijua nikiipeleka juu huenda nikakosa kazi, na nina ada za shule za kulipa. Siwalaumu kwa woga huo. Ila msiubebe kimyakimya. Andikeni maoni yenu kwa maandishi, yawe na tarehe, yafike kwa mtu aliye juu kuliko mlalamikiwa, na ikibidi yafike kwa kamati ya bodi. Msaini wawili badala ya mmoja. Kama mmeshindwa kumtetea mtu, angalau msiandike kwamba ameridhika.

Yule mama wa tatu, aliyekunjakunja karatasi, nilimpigania nikachelewa. Alikuwa ameshaacha kazi siku mkuu wa idara alipoitwa kujieleza. Nilimwandikia kumwomba radhi. Hakunijibu, na ana haki.

Nawe mwanangu uliyenisimulia habari ya siku 9, jina lako sitalitaja, na moyo wangu kwako haujabadilika. Yule kijana aliyetoka chuo juzi bado yuko chini ya meneja yule. Mwite kesho, mlango ukiwa umefungwa, umuulize anaendeleaje, na umsikilize mpaka amalize.