Twiga wa Poggio a Caiano

Prato, Italia, Jumapili usiku

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako ulinikuta kazini Jumatano. Kwa hiyo mzee aliyekupa kazi kafariki, Mungu amrehemu, na wanawe wanasema michoro uliyokuwa ukichora kwenye ukuta wa ukumbi wake hawaihitaji tena. Majahazi mawili umeyamaliza, la tatu lina tanga bila chombo, na rangi ulinunua kwa fedha yako. Pole sana.

Sikujua nikujibu nini mpaka leo, nilipopanda basi kwenda Poggio a Caiano, hapa jirani, kwenye nyumba ya shamba ya ukoo wa Medici, waliotawala Florence zamani. Ina ukumbi mkubwa ambao Papa Leo X alitaka upambwe kwa heshima ya baba yake, Lorenzo, aliyeanza kuijenga nyumba hiyo. Kazi wakapewa wachoraji Andrea del Sarto, Franciabigio na Pontormo, ambaye bado alikuwa kijana. Tarehe 1 Desemba 1521 Papa akafa, hazina imejaa madeni, na mafundi wakashuka jukwaani. Kama wewe tu.

Kwenye ukuta wa Andrea, Kaisari analetewa zawadi, na kati ya wanyama yumo twiga! Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Lorenzo alitumiwa twiga na sultani wa Misri mwaka 1487. Andrea alizaliwa 1486, maana yake mnyama alipoingia Florence yeye alikuwa bado ananyonya. Wewe uliyewaona Mikumi ungemsahihisha.

Ukuta huo ulisubiri miaka 60 hivi. Mchoraji mwingine, Alessandro Allori, akaumalizia mwaka 1582, akauongezea upande wa kulia. Allori mwenyewe alizaliwa 1535, Andrea ana miaka mitano kaburini. Nilitaka nikwambie hiyo ni faraja, lakini ningekudanganya. Ukuta ulimalizwa kwa sababu nyumba ilibaki kwa Medici, nao walitaka sifa za ukoo wao zikamilike. Andrea hakufaidi kitu. Warithi wa mzee wako hawana haja hiyo.

Ninachowaonea wivu mafundi wale ni kimoja: walilipwa kwa mwezi. Papa alipokufa walipoteza kazi iliyobaki, si jasho lililokwisha kumwagika. Wewe ulikubali kulipwa mwishoni, ukiniambia mzee ni mtu wa heshima. Alikuwa wa heshima, ndiyo, ila alikuwa na miaka themanini! Safari ijayo chukua theluthi kabla hujafungua kopo. Hata namna yao ya kuchora iliwalinda kidogo: lipu mbichi inapakwa kiasi cha kazi ya siku moja, inachorwa kabla haijakauka, kesho kipande kingine. Wewe unachora chombo kizima kwa wiki tatu, tanga kwanza.

Wamesema watapaka nyeupe lini? Nenda na simu mapema, asubuhi jua likiwa linaingia kwa mlango wa uani, upige picha zote, hata hilo tanga. Halafu unitumie.

Wako,
yule yule wa Prato